Sabuni Kwenye Tangi Jekundu

Kuna watu wakisikia harufu ya petroli wanaziba pua. Mimi naifuata. Sisemi petroli tupu ya kituoni, hiyo haina neno. Nasemea ile iliyochanganywa na oili, ya injini za boti, yenye utamu fulani unaokaa kooni hata baada ya kunywa maji. Juzi niliisikia tena nikiwa nimeinama ndani ya stoo ya nyumba yetu ya Shieywe, navuta vitu vya marehemu Baba kimoja kimoja. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa uani na mizani yake, anatukumbusha kila baada ya muda mfupi kwamba mvua iko njiani, kana kwamba sisi ni wageni Kakamega.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Tangu mazishi alikuwa hivyo hivyo, anakaa, anaangalia, hali vizuri, na ukimuuliza kitu anafungua mdomo kama mtu mwenye neno halafu anaufunga. Nilimwacha. Nikavuta tangi jekundu, lile dogo la kubeba kwa mkono, rangi imebanduka na pembe moja imebonyea. Nikafungua kifuniko nione kama kuna cha kumwaga. Hakukuwa na tone. Lakini harufu ilikuwa imejifungia humo miaka yote hiyo, na iliponipiga usoni nikajikuta nimekaa sakafuni na gauni langu zuri, nalia kama mtoto wa nasari.

"Hilo usimpe," Mama alisema.

Waliokulia kando ya ziwa wataniuliza kuna ajabu gani kuwa na tangi la injini ya boti nyumbani. Sawa. Sasa wewe fikiria Kakamega. Maji tuliyokuwa nayo ni ya mvua na ya mfereji, na mfereji wenyewe kwa hisani yake. Siku Baba aliposhusha injini ya boti kutoka juu ya basi, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa, jirani mmoja alichungulia juu ya ua akauliza, "Baba Nafula, kwani gharika imetangazwa na sisi hatujaambiwa?" Baba akamjibu kwamba nafasi bado ziko, lakini alete mnyama mmoja dume na mmoja jike.

Nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa fundi wa mitambo kule Butali kabla sijapata akili, halafu kazi hiyo ikaisha akaenda ziwani kushika injini kwenye boti ya bwana mmoja anayeitwa Ouko. Boti ilivusha watu na mizigo kwenda visiwani, kreti za soda, magunia, akina mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, na beseni zao. Baba alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, na miezi mingine iliisha bila yeye. Nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokitaka duniani, na kila mtu mle nyumbani alijua maana sikuficha: nilitaka Baba akae. Akiondoka nilikuwa nashika suruali yake mpaka Mama anitoe kidole kwa kidole.

Kwa hivyo ile injini iliponiletea Baba katikati ya mwezi, niliipenda papo hapo. Ilikuwa nzee kuliko mimi. Pale ziwani kulikuwa na fundi, lakini Baba alikuwa akisema yule akifunga injini lazima abaki na nati mkononi, ndiyo maana aliibeba yote mpaka kwenye vifaa vyake. Aliweka ubao juu ya lile pipa la kukinga maji ya mabati, akaifunga injini hapo, mguu wake wa propela ndani ya maji. Pipa halikuwa na shida ya kujaa. Kwetu mvua ya alasiri huja kama mtu aliyeajiriwa, na ikishapita, Baba alikuwa anatoka, anavuta kamba, na moshi wa bluu unatanda juu ya sukuma wiki ya Mama.

Mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa rahisi. Injini ilikataa kuwaka kabisa. Baba alimimina petroli kwenye chupa ya jemu akainua kwenye mwanga. "Unaona?" aliniambia. "Maji yamekaa chini, petroli imepanda juu. Hawa wawili hawakai nyumba moja." Akaosha kabureta, akakausha plagi, akasafisha tangi, na kesho yake ikanguruma mpaka vifaranga vikakimbilia chini ya gari la jirani. Nilijua maana ya ngurumo hiyo. Ilikuwa Baba anarudi ziwani.

Sasa, kwetu mtu hasafiri mikono mitupu. Ukiondoka nyumbani bila kufungiwa kitu, watakaokuona stendi watauliza kama mmegombana. Mama alimfungia Baba unga wa wimbi wa obusuma, ugali wetu, ingokho, yaani kuku, aliyekaushwa juu ya moto, njugu na ndizi, vyote ndani ya gunia moja na lile tangi jekundu, maana mikono ya Baba ilikuwa na injini. Shida ilikuwa kifuniko cha tangi. Juu yake kulikuwa na tundu dogo la kupitishia hewa. Skrubu yake ilipotea kabla sijazaliwa, na gari likiruka shimo petroli ilikuwa inatemwa hapo. Mama hakutaka mumewe ale ugali wa petroli. Akafanya anachofanya kila dereva wa upande wetu tangi likivuja: alimega sabuni ya kipande, akaifinyanga, akaikandika kwa kidole gumba kwenye lile tundu, upande wa ndani ili isibanduke njiani. Petroli haili sabuni.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo natazama. Nilidhani anaiziba injini mdomo isipeleke habari za nyumbani, kwa sababu hivyo ndivyo mimi mwenyewe nilivyokuwa nikizibwa mdomo wageni wakija.

Hazikupita wiki nyingi injini ikarudi. Baba aliitua uani, akakaa juu ya ndoo, akamweleza Mama huku akinywa chai. "Ni ugonjwa mwingine kabisa. Inaondoka vizuri. Tukifika mbali kidogo na ufuo, inalegea. Haizimiki mara moja, inapungua, inapungua, kama mtu anayepanda mlima na gunia. Nafungua tangi niangalie petroli, petroli iko. Nafunga, navuta kamba, inashika moto kama mpya. Tukienda kidogo tena, imelegea. Abiria wamenipa jina, Mama Nafula. Wananiita Pumzika Kwanza."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu ni siku ngapi ugonjwa kama huo unaweza kuchukua.

Ulichukua nyingi, na Mungu alibariki kila moja. Baba alitoa plagi akazisugua kwa brashi ya waya. Alifungua kabureta akapuliza kila kitundu mpaka mashavu yakauma. Aliukunja mpira wa petroli inchi kwa inchi akitafuta ufa, akaiminya ile pampu ndogo ya mkono, akakagua propela kama raba yake ya ndani imeachia. Halafu aliiwasha kwenye pipa na injini ikapiga kelele za afya. Ilikuwa inakunywa petroli kutoka kwenye mtungi wa plastiki ulioachwa wazi, kwa sababu tangu yale maji Baba hakuliamini tena tangi jekundu. Likifika tu, alikuwa analimwaga na kumpa Mama alisuuze, naye Mama alikuwa anaikwangua ile sabuni. Kwa hiyo nyumbani injini ilikuwa nzima, ziwani mgonjwa, na Baba alikuwa akijikuna kichwa mpaka kofia inapinda.

Lakini mimi nilikuwa nimeshajua inaumwa nini. Nilikuwa na ushahidi. Likizo nilipopelekwa kwa Kukhu, nyanya yangu, kule Likuyani nilipata homa kila siku, na siku niliyorudishwa Shieywe homa iliishia mlangoni. Nikamwendea Baba pale kwenye pipa nikamwambia, "Baba, hii injini haina kitu. Inakumbuka nyumbani."

Aliweka spana chini. Watu wazima wengi wangecheka. Baba alinitazama, akatazama injini, akasema, "Inawezekana," na jioni hiyo hakuigusa tena. Alinibeba mabegani tukaenda kununua miwa.

Usiku huo mezani alikuwa bado anaifikiria. "Ingekuwa ni mtu," alisema, "ningesema amezibwa pua. Inakosa pumzi."

Mama alikuwa amefinyanga tonge la obusuma, liko nusu ya safari kwenda kwenye mchuzi. Likasimama hapo. "Pumzi?" aliuliza.

"Pumzi."

"Haya. Kula, kunapoa." Akainuka kwenda kuangalia moto, na moto wenyewe ulikuwa umezimika zamani.

Siku Baba aliporudi ziwani, nilimwona Mama jikoni na kile kipande cha sabuni. Safari hii hakufanya haraka. Alikigeuza mkononi, akachungulia dirishani Baba akifunga kamba, akakigeuza tena. Halafu akamega, akafinyanga, akaziba. Aliponiona mlangoni alinifokea ati kwa nini sijavaa viatu.

Injini ikarudi. Eee, ilirudi! Nilimpa shikamoo kabla ya kumpa Baba. Na siku hiyo yalitokea mambo niliyoyaona kwa macho yangu na sikuyaelewa hata kidogo. Mtungi wa plastiki ulikuwa umepasuka, kwa hivyo Baba akaunganisha mpira kwenye tangi jekundu lenyewe, kabla Mama hajalisuuza. Mvua ilikuwa imekatika, mabati bado yanadondoka. Mama alikuwa jikoni na mgongo wake mlangoni. Mimi nilikuwa juu ya ndoo na hindi la kuchemsha.

Injini iliwaka vizuri. Ikaenda, ikaenda, halafu nikasikia sauti inashuka. Baba akageuka haraka. Hakuangalia injini, aliangalia tangi. Mbavu za tangi zilikuwa zimeingia ndani kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshikilia pumzi. Akafungua kifuniko, na tangi likavuta hewa, fyuuu, hata mimi nikasikia, na injini ikapata nguvu zake zote. Akafunga, ikalegea. Akafungua, ikapona. Ndipo alipokigeuza kifuniko na kutazama ndani yake. Akakwangua kwa ukucha. Akanusa.

Halafu aliangalia mlango wa jikoni, muda mrefu. Akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatetemeka, mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye grisi akabaki na mstari mweusi shavuni. Akakusanya ile sabuni, akaifinyanga upya kwa vidole vyake, akairudisha kwenye tundu na kuikandamiza kwa kidole gumba chake, kile cha ukucha uliopasuka. Akanitazama, akaweka kidole midomoni. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilidhani na yeye anaziba mdomo wa injini, kwamba hiyo ni desturi ya nyumba yetu.

"Bado inaumwa!" alipaza sauti kuelekea jikoni.

"Pole," Mama alijibu bila kugeuka.

Kuanzia hapo ndiyo miezi ninayoililia. Baba alikuwa haachi wiki mbili zipite. Anakuja na mgonjwa wake mgongoni, anamweka kwenye pipa, anasugua plagi zinazong'aa tayari, na alasiri yote iliyobaki anaitumia vibaya kwa namna tamu kabisa. Alitengeneza kitanda changu kilichokuwa kinalia. Alinipeleka shule akanishika mkono mbele ya wale wasichana waliosema sina baba. Jioni alikaa na Mama wakipukuchua mahindi kwenye karai moja, wanagombea ni nani amekula njugu zote, na mimi nalala palepale kwenye maganda nikiwasikia. Harufu ya mikono yake ndiyo hiyo ninayowaambia. Na asubuhi ya kuondoka walikuwa na maneno yao, yaleyale kila mara.

"Umefunga vizuri, Mama Nafula?"

"Nimefunga."

"Funga kabisa. Barabara ni mbaya."

Halafu siku moja, Baba akiwa ndiyo kwanza ametua gunia na hata Mama hajaligusa tangi, Ouko mwenyewe alisimama uani kwetu. Mtu mkubwa, sauti kubwa zaidi. Alijaribu kutusalimia "Mulembe" na sote tukacheka, na yeye akacheka kutuzidi. Kisha akaigonga injini kwa kiganja. "Yawa, fundi, hii mama imechoka. Kila saa iko hospitali, wateja wanahamia boti zingine. Nimenunua mpya. Kesho tunaanza nayo."

Baba alikuwa amesimama na plagi mkononi. Niliona midomo yake inataka kusema kitu. Angesema nini? Akisema imepona, ataulizwa ilipona lini. "Ni sawa," alisema.

Ouko aliondoka na injini nzee akaiuze vipande vipande. Tangi jekundu aliliacha, ile mpya ilikuwa na lake. Asubuhi Mama alifunga unga na ingokho kama kawaida, halafu nikamwona amesimama katikati ya jiko na sabuni mkononi, hana cha kuziba.

Injini mpya haikuugua. Niliiombea ugonjwa shule ya Jumapili, kwa jina la Yesu, na haikuugua. Baba akarudi kwenye mwisho wa mwezi, halafu sikukuu, halafu Krismasi tu. Akawa mtu wa kuwekewa vikombe vya wageni. Nilianza kumsalimia nikiwa nimesimama mbali, kama mtoto mwenye adabu, na hakuna aliyekuwa na haja ya kunitoa kidole kwa kidole. Aliporudi moja kwa moja, magoti yamekwisha, mimi nilikuwa nimeshaolewa. Nilimpata mzee mzuri, mpole, nikamtunza, nikamzika. Lakini yule wa kwenye pipa nilikuwa namtafuta ndani ya huyu mzee kila nikija, na mara nyingi sikumwona.

Basi hapo sakafuni mwa stoo, nikapangusa machozi, nikakigeuza kile kifuniko. Sabuni ilikuwepo. Imekauka, nyeusi, ngumu kama jiwe.

"Mama," nikasema, "sabuni yako bado iko."

Ngurumo ilipita upande wa msituni. "Nilikuwa naziba petroli isimwagikie unga," alisema.

"Najua."

"Mara ya kwanza."

Aliposhika lile neno lililomkwama wiki zote hizo, lilitoka lote. "Aliposema imezibwa pua, nilijua. Palepale mezani nilijua. Na nikaziba tena. Nikajiambia boti kuzimika si kuzama, wana makasia, wataita wenzao. Nilikuwa mtu mbaya, Nafula. Nilitaka mume wangu kwa nyumba. Wakamcheka huko, wakampa majina, wakamtolea injini yake, na mimi hapa nafinyanga sabuni. Kila mwaka nilisema nitamwambia. Sasa nimemwekea mchanga kaburini na hajui."

"Mama. Alijua."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Nilimwona." Nikamweleza, hindi na ndoo na mabati yanayodondoka, tangi lilivyovuta hewa, alivyocheka mpaka akafuta macho, alivyoifinyanga na kuirudisha, kidole midomoni. Alinisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Mtoto huona mengi."

Nilikuwa mtoto, kweli, na nilikuwa nimeona vibaya karibu kila kitu. Nikampa kifuniko. Ndani yake, kwenye ile sabuni, kulikuwa na alama ya kidole gumba, imebonyea wazi. Mama aliigeuza kwenye mwanga wa mlango. Halafu akaweka kidole gumba chake ndani ya ile alama. Kidole kikapwaya. Alama ilikuwa pana, kila upande ikabaki nafasi, na pembeni kulikuwa na ule mkato wa ukucha uliopasuka ambao Baba aliupata Butali na kuzikwa nao.

"Hii si yangu," alisema polepole. "Siku ile ya mwisho Ouko alikuja kabla sijalisuuza tangi."

"Si yako."

"Alikuwa anaitoa huko ziwani." Alikuwa anajisemea mwenyewe sasa. "Anaendesha vizuri, halafu akija anairudisha. Ili nisijue." Akakishika kifuniko kwa mikono miwili. "'Funga kabisa, barabara ni mbaya.' Huyu mtu! Haki ya Mungu, huyu mtu! Na akaniacha niendelee kununua sabuni!"

Nikaona mabega yake yanaanza kutetemeka. Sikujua ni kicheko au ni kilio, na nadhani hata yeye hakujua, lakini hakikuwa na sauti, kilikuwa kilekile cha Baba pale kwenye pipa, mpaka kujifuta macho kwa mgongo wa mkono. Uani yule mtu wa vyuma aliita, "Mama, na hilo tangi? Mvua hiyo!" Matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kugonga mabati. Mama alilivuta tangi jekundu mapajani, akainamisha uso kwenye tundu lake, akavuta ile harufu kwa muda mrefu. Halafu akanirudishia kifuniko.

"Funga," alisema.

Nikafunga.

"Funga kabisa."